Stendi Kuitwa Zizi: Tamathali za Usemi katika Kueleza Mahali pa Umma Pasipopendeza

Katika makala haya tunapenda kufafanua tamathali tatu zinazotumika sana watu wanapoeleza ubaya wa soko, stendi au choo cha umma. Mifano yetu tumeielekeza Singida, mji ulio kwenye njia za kwenda Dodoma, Arusha na Mwanza, ambamo hukutana wasafiri wa makabila mengi.

(a) Tashbihi. Hii hulinganisha vitu viwili kwa maneno kama vile "mithili ya" au "kama". Kwa mfano: "Choo hiki chanuka kama mzoga." Kinacholinganishwa kimetajwa, nacho ni harufu, msikilizaji hapotei.

(b) Sitiari. Mtu asemapo, "Stendi hii ni zizi," hataji sifa inayolinganishwa. Maana hutegemea ajuavyo msikilizaji. Mgeni wa mjini atafikiria tope, uvundo na msongamano. Lakini Wanyaturu tangu zamani wamerutubisha mashamba yao ya uwele na mtama kwa samadi; kwao zizi ni akiba ya nyumba. Hivyo tusi la mmoja laweza kumfikia mwingine likiwa nusu sifa.

(c) Tasfida. Hii hupunguza ukali wa neno. Msala ni mkeka wa kusalia, lakini neno hilo hilo hutumika kwa choo, nasi husema "naenda msalani". Huo ni uungwana. Hata hivyo, penye hatari ya maradhi yafaa jambo litajwe waziwazi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwahimiza wananchi kuchimba na kutumia vyoo. Kazi ya namna hiyo haitimizwi kwa mafumbo.

Yafaa basi ieleweke kwamba tamathali hutoa hukumu, wala haitaji chanzo. Mwananchi akimwandikia diwani wake kwamba "soko letu ni jehanamu", ameeleza uchungu wake tu. Diwani ataafiki, kisha asijue pa kuanzia. Lakini akiongeza kwamba mfereji umeziba, taka hazijazolewa kwa juma zima, na choo hakina maji, amekwisha kutaja kazi tatu, na kila moja ina mtu wa kuulizwa.

Kwa hiyo tunawashauri wasomaji wetu wasiziache tamathali, kwani ndizo zimwamshazo msikilizaji. Ila akisha kuamka, aelezwe kwa maneno ya wazi ni kitu gani kirekebishwe.