Kadi za Kichina Katika Simu ya Askari: Ipi Yafaa?

Maofisa na askari wa nchi nyingi za Afrika hupelekwa China kwa masomo ya kijeshi na ya ufundi, na walinzi wa amani kutoka China wamehudumu bega kwa bega na majeshi mengine chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa huko Kongo na Sudan Kusini. Kwa sababu hiyo si ajabu tena kumwona koplo akinong'ona maneno ya Kichina huku akisubiri zamu yake ya lindo. Wengi hutuuliza ni programu ipi ya kadi za maneno inayofaa kuwekwa katika simu. Swali hilo lina uzito, maana mshahara wa askari haumruhusu kununua kila kinachotangazwa, na muda wake si wake peke yake.

Kwanza yafaa tuelewe ugumu wenyewe ulipo. Neno la Kichina lina sehemu nne za kukariri kwa pamoja: maana, matamshi, toni na herufi yake. Toni ni nne, pamoja na ile isiyo na mkazo, na toni ikikosewa neno hugeuka kuwa jingine. Kununua ni mǎi, kuuza ni mài. Kikombe ni bēizi, blanketi ni bèizi. Mtunza stoo hana budi kuangalia zaidi katika hesabu, kwa kuwa shísì ni 14 na sìshí ni 40, na tofauti hiyo katika orodha ya posho za chakula si jambo dogo. Wenzetu ambao lugha zao za mama zina toni, kama vile Kiganda na Kilingala, huanza hatua moja mbele ya wale waliokulia katika Kiswahili tupu.

Mtihani wa serikali ya China uitwao HSK ulikuwa na madaraja sita kwa miaka mingi: daraja la kwanza maneno 150, la tatu maneno 600, la sita maneno 5,000. Mwaka 2021 kilitolewa kipimo kipya cha madaraja tisa, chenye maneno zaidi ya 11,000 kwa jumla, na daraja la kwanza peke yake likapanda hadi maneno 500. Msomaji anayepakua kadi za HSK na aangalie ni za kipimo kipi. Nyingi zilizozagaa bado ni za kile cha zamani.

Elimu ya kadi haikuanza na simu. Mwaka 1885 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya kujipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akaonyesha jinsi binadamu anavyosahau upesi katika saa za mwanzo, kisha polepole. Mwaka 1972 mwandishi wa habari Sebastian Leitner alieleza sanduku lenye vyumba: kadi uliyoijibu vema husogea chumba cha mbele na kungoja muda mrefu zaidi, uliyoikosa hurudi cha kwanza. Mwaka 1987 Piotr Woźniak wa Poland aliigeuza kazi hiyo kuwa hesabu ya kompyuta. Programu nyingi za leo ni wajukuu wa hesabu yake.

Mjukuu mashuhuri zaidi ni Anki, iliyotolewa na Damien Elmes mwaka 2006. Jina lake ni neno la Kijapani lenye maana ya kukariri. Katika kompyuta ni bure. Katika simu za Android ipo AnkiDroid, iliyotengenezwa na watu wanaojitolea, nayo ni bure. Katika iPhone hulipiwa dola 25 hivi, mara moja tu. Baada ya kuona jibu, msomaji hubonyeza kitufe kimoja kati ya vinne kueleza kama amekosa, amepata kwa taabu, vizuri au kwa urahisi, na programu hupanga siku ya kuirudisha kadi hiyo. Tangu 2023 imekuwa na hesabu mpya iitwayo FSRS, inayofuata usahaulifu wa mtu mwenyewe. Ukishapakua kadi na sauti zake, hufanya kazi bila intaneti, jambo ambalo kwa aliye katika kituo cha mpakani ni kubwa kuliko mapambo yote. Sura yake ni kavu kama fomu ya mahabusu, na wako wafanyabiashara waliotoa programu nyingine kwa jina linalofanana. Angalia jina kabla ya kulipa.

Pleco, iliyoanzishwa na Mmarekani Michael Love mwaka 2000, kwanza ni kamusi. Kamusi yake ya msingi ni bure na haihitaji intaneti. Sehemu ya kadi hununuliwa. Faida yake ni kwamba neno ulilolitafuta mchana kwa sababu ya kazi hugeuzwa kadi kwa kubonyeza mara moja, pamoja na toni yake sahihi. Neno lililokusumbua kazini halisahauliki upesi kama lile la orodha ya mtu mwingine.

Skritter hufundisha kuandika herufi mchoro kwa mchoro juu ya kioo cha simu, na humsahihisha anayeanza na mchoro usio wake. Ni nzuri, lakini hudai ada ya kudumu. Twaona inamfaa anayekwenda kukaa darasani China, si anayehitaji kusalimia na kuuliza njia.

Quizlet ilibuniwa mwaka 2005 na Andrew Sutherland, aliyekuwa mwanafunzi wa miaka 15 akihangaika na maneno ya Kifaransa. Inapendeza darasani, chini ya mwalimu. Hata hivyo, mengi yaliyokuwa bure zamani sasa yamewekwa nyuma ya malipo, na kadi nyingi zimeandikwa na wanafunzi wenyewe, nao huacha toni au kuziweka kombo.

Hapa tunaomba askari na polisi wasikilize kwa makini. Mwezi Mei 2021 shirika la uchunguzi la Bellingcat lilieleza jinsi askari wa Marekani walioko Ulaya walivyotumia programu za kadi, Quizlet ikiwemo, kukariri kazi zao za ulinzi wa silaha za nyuklia. Kadi hizo zilikuwa wazi kwa yeyote aliyetafuta: maghala yenye silaha, mahali pa kamera, hata maneno ya siri ya kuashiria kwamba mlinzi ametekwa. Nyingine zilikuwa zimekaa hapo tangu 2013. Hakuna jasusi aliyehitaji kuruka ukuta. Basi anayejifunza Kichina na aandike kadi ya ‘lori’ na ‘mafuta’ apendavyo, lakini mfano wa sentensi usitaje kikosi, idadi wala njia ya doria. Na kadi zote ziwekwe katika hali ya faragha.

Kwa jumla tungemshauri askari wa kawaida achukue kamusi ya Pleco bila malipo, pamoja na AnkiDroid. Anki humpangia mtu kadi mpya 20 kwa siku. Aliye kazini apunguze ziwe 10, na maneno 600 ya daraja la tatu la zamani yatakuwa yameingia kwa siku 60. Idadi hiyo ina sababu. Kadi za marudio hazingoji doria iishe, na anayerudi baada ya siku kumi akakuta mamia yamemlundikia, mara nyingi huifuta programu kwa hasira. Kabla ya kuondoka asimamishe kadi mpya. Akirudi amalize deni kidogo kidogo, kwa sauti, kwa sababu toni haijifunzwi kwa macho.

Wale ambao vituo vyao haviruhusu simu hawakutupwa. Boksi la viatu, vigawio vitano vya kadibodi na karatasi zilizokatwa sawasawa ndilo sanduku lenyewe la Leitner. Chumba cha kwanza kila siku, cha pili kila baada ya siku mbili, cha tatu kila wiki, cha nne kila wiki mbili, cha tano kila mwezi. Toni iandikwe kwa kalamu nyekundu.