Umeme wafichua ‘barafu inayowaka’ baharini, lakini hesabu yaweza kupotosha

CHINI ya bahari yenye kina kirefu, ambako baridi ni kali na shinikizo la maji ni kubwa, gesi ya methani hunaswa ndani ya maji na kuganda pamoja nayo. Kitu hicho cheupe, ambacho wataalamu hukiita haidreti ya gesi, hufanana na barafu, ila ukikitia kiberiti hushika moto. Mita moja ya ujazo ya haidreti ikiyeyuka hutoa takriban mita 164 za ujazo za gesi. Si ajabu, basi, kwamba Japani, Uchina, India na Marekani zimeisaka kwa miaka mingi.

Kuisaka si kazi nyepesi, kwani ikitolewa mahali pake huanza kuyeyuka kabla ya kufika melini. Mawimbi ya sauti hurudisha mwangwi kutoka mahali haidreti inapokoma na gesi huru kuanzia. Mwangwi huo huonyesha mpaka, wala hauelezi ni kiasi gani kilichomo.

Hapo ndipo umeme unapohitajika. Mashapo ya sakafu ya bahari yamejaa maji ya chumvi, nayo hupitisha umeme vizuri. Haidreti haiupitishi. Inapochukua nafasi ya maji katika vitundu vilivyo kati ya chembe za mashapo, umeme hukosa njia na ukinzani hupanda. Vifaa vya kuupima hufungwa karibu na ncha ya kekee, vikafanya kazi huku shimo likichimbwa. Ipo pia njia isiyohitaji shimo: meli hukokota mtambo wa kurusha umeme karibu na sakafu ya bahari, na vipokezi vilivyotuliwa chini hunasa mawimbi yaliyopenya ardhini. Watafiti wa Taasisi ya Scripps ya California waliijaribu mwaka 2004 katika Hydrate Ridge, mkabala na pwani ya Oregon, Marekani.

Ili kupata kiasi kutokana na ukinzani, wataalamu hutumia fomula iliyochapishwa mwaka 1942 na Gus Archie wa kampuni ya mafuta ya Shell. Fomula hiyo imewafaa wachimbaji mafuta kwa vizazi, lakini huchukulia kwamba kinachozuia umeme kimetapakaa sawasawa katika vitundu vya mwamba.

Dhana hiyo ilitikisika nchini India. Mwaka 2006 meli ya utafiti JOIDES Resolution ilichimba katika bonde la Krishna-Godavari, Ghuba ya Bengal. Katika kituo nambari 10, tabaka nene la udongo wa mfinyanzi lilionyesha ukinzani mkubwa. Kwa fomula ya Archie, haidreti ilijaza zaidi ya asilimia 50 ya vitundu, na kwingine ikakaribia asilimia 80. Lakini sampuli zilizotolewa katika mashimo ya jirani, ndani ya mitungi inayohifadhi shinikizo la kilindini, zilionyesha chini ya asilimia 26.

Kifaa hakikuwa na hitilafu. Haidreti ya pale haikutapakaa, bali ilijaza nyufa zilizosimama karibu wima. Umeme unaotoka shimoni kuelekea kando hukutana na nyufa hizo kama mtu anayekutana na ukuta: ukuta wa mabati huziba njia sawa na ukuta wa mawe, japo mabati ni membamba. Fomula ilihesabu kizuizi kana kwamba ni wingi. Myung Lee na Timothy Collett, wa idara ya jiolojia ya Marekani, walieleza jambo hilo mwaka 2009 na kuonyesha kwamba mwelekeo wa nyufa ukitiwa katika hesabu, tofauti hupungua sana.

Siku hizi ukinzani hausomwi peke yake. Gesi huru nayo huzuia umeme, lakini hupunguza mwendo wa sauti, ilhali haidreti huuongeza. India iliporudi baharini mwaka 2015, ililenga zaidi matabaka ya mchanga, ambamo haidreti hukaa ndani ya vitundu vyenyewe na fomula ya Archie huukaribia ukweli.