Mwindaji na Shabaha ya Mbali

Watu wengi hudhani ya kuwa risasi huenda sawasawa kama uzi uliovutwa. Sivyo, huanza kushuka mara itokapo mtutuni. Chukua bunduki ya .30-06, ambayo risasi yake ilianza kutumiwa na jeshi la Marekani mwaka 1906. Ikiwa imerekebishwa ipige sawasawa penye mita 200, basi penye mita 300 risasi hushuka zaidi ya sentimeta 20, na penye mita 400 zaidi ya nusu mita. Upepo nao huisukuma kando. Akoseaye kukisia umbali huvunja mguu badala ya kupiga moyo.

Kwa hiyo yafaa mwindaji ajizoeze kwanza kulenga shabaha, akiwa amepiga goti au ameketi chini, kama itakavyokuwa porini. Umbali ambao hawezi kuipiga sahani mara tano kwa tano, huo si umbali wake. Nchini Tanzania, ambako wenye leseni wangali wakiwinda, chui aliyejeruhiwa hujificha kichakani, na huenda akamrukia mpita njia asiye na kosa. Asiye na hakika na asogee karibu, ama asipige kabisa.