Barolo: chupa yenye kuomba uvumilivu

Tukiona chupa ya divai nyekundu ya Italia, wengi wetu tunauliza bei kwanza. Na bei ya Barolo inashtua kweli. Lakini inatoka wapi?

Barolo ni kijiji kidogo mu vilima vya Langhe, karibu na mji wa Alba, jimbo la Piemonte, kaskazini-magharibi ya Italia. Divai yenye jina hilo inatoka mu komine 11 tu, na inatengenezwa na zabibu ya aina moja tu, Nebbiolo. Zabibu hii iko na kichwa kigumu: inachipuka mapema lakini inachelewa kuiva, mara nyingi mpaka Oktoba, wakati ukungu unafunika mabonde. Njo maana wengi wanasema jina lake linatokana na nebbia, ni kusema ukungu kwa Kiitalia. Wakulima wanaipatia miteremko yenye jua nyingi. Pengine haiivi sawasawa.

Ukiimimina, rangi inakudanganya, imepauka kidogo. Ila mu kinywa inakamata ulimi kama chai iliyosahauliwa juu ya moto. Ukali ule unapoa na miaka. Kwa hiyo sheria inadai ikae miezi 38 kisha mavuno, na 18 kati yake iwe ndani ya pipa la mbao. Ile inaitwa Riserva inangoja miezi 62. Fikirini mkulima mwenye kuvuna leo na kuona franka kisha miaka tatu na zaidi! Yeye mwenyewe, mezani kwake, alizoea kunywa Dolcetto, yenye haiombi kungoja.

Sasa, mu mwaka 1986, divai ya bei ya chini kutoka Narzole, pale pale jirani na Barolo, ilitiwa methanoli ili kupandisha nguvu ya pombe. Watu zaidi ya 20 walikufa, wengine wakapofuka. Haikuwa Barolo. Lakini mnunuzi wa Ujerumani ao wa Ufaransa angejuaje? Divai yote ya Italia ikaogopwa, hata ya mzee aliyechunga mizabibu yake kwa haki maisha yote.

Njo hapo munaona faida ya masharti ambayo mbele yalionekana kama usumbufu wa serikali. Tangu 1980 Barolo iko mu daraja la juu la divai za Italia, DOCG: inaonjwa na kupimwa mbele ya kuuzwa, na kila chupa inavaa karatasi ya serikali yenye namba.

Kwa hiyo ukipewa zawadi ya Barolo, angalia shingo ya chupa, utafute ile karatasi. Kisha soma mwaka wa mavuno. Kama haujapita miaka tatu, mtu amekudanganya.