Gunia la Nakivale lina hesabu mbili

Mfanyabiashara anayepakia mahindi Nakivale kwenda Mbarara, mwendo wa kilomita 60 hivi, anajua bei ya gunia na nauli ya lori. Hesabu ya pili huwa haitazamwi: ni nguvu kiasi gani iliyotumika shambani ili gunia hilo lijae?

Wataalamu wa kilimo huchukua nguvu iliyomo kwenye mavuno na kuigawanya kwa nguvu iliyotumika kulima. Bangladesh na mashariki mwa India wamepima hivyo mashamba yanayopokezana juti na mpunga. Juti ndiyo inayotoa nyuzi za magunia, na aina yake moja tunaila hapa kwetu kama mlenda. Katika hesabu za namna hiyo, mbolea ya viwandani mara nyingi huchukua fungu kubwa, kwa kuwa urea hutengenezwa kwa gesi na joto kali. Mfuko mmoja wa kilo 50 umemeza nguvu inayozidi ya lita 30 za dizeli.

Nakivale, wilayani Isingiro, imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali wanaishi humo. Viwanja ni vidogo, hivyo ni vigumu kupumzisha ardhi. Kinachoweza kuisaidia ni kupokezana mahindi na maharage katika misimu miwili ya mvua. Mizizi ya maharage huvuta nitrojeni kutoka hewani, na mahindi yanayofuata huhitaji mbolea kidogo zaidi.

Lakini faida hiyo hupotea kirahisi. Maharage hung'olewa mazima na kupigwa nyumbani, na maganda hayarudi shambani. Kuni zikiadimika, mabua huishia jikoni. Ardhi ikinyimwa chakula chake, magunia hupungua msimu baada ya msimu, na lori lako litarudi nusu tupu.

Wewe mnunuzi unaweza kufanya mambo matatu. Kwanza, nunua mazao yote mawili kwa mkulima yuleyule, ili apate sababu ya kupokezana. Pili, anayepigia maharage kwenye turubai shambani mpe kipaumbele, maana maganda yake hubaki palepale.

Tatu, pima unyevu kabla ya kupakia. Kiwango cha Afrika Mashariki hakizidi asilimia 13.5. Lori la tani 10 lenye unyevu wa asilimia 20 limebeba kilo 750 hivi za maji ya ziada: unachoma dizeli kusafirisha maji, na unakaribisha sumukuvu. Tusisahau Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo.

Jua la Isingiro halina bei. Siku chache za kuanika juu ya turubai ni nafuu kuliko mzigo kurudishwa mpakani.