Santuri za Hip-hop: Ubora wa Toleo Jipya Hutoka Wapi?

Mkazi wa Mpanda anayeagiza kutoka ng'ambo toleo jipya la santuri ya hip-hop ya zamani hulipia sahani, usafirishaji, na mara nyingi maneno "gramu 180" yaliyopigwa chapa juu ya jalada. Maana yake ni kwamba sahani hiyo ni nzito kuliko za kawaida, zenye gramu 120 hadi 140. Uzito huo peke yake hauboreshi sauti. Sindano husoma kuta za mfuo tu. Unene wa plastiki iliyo chini yake hauihusu.

Yafaa jambo hili lipimwe kwa hesabu. Santuri ya sentimita 30 huzunguka mara 33⅓ kwa dakika. Mfuo wa kwanza uko kama sentimita 14.6 kutoka katikati, na wa mwisho sentimita 6. Mwanafunzi akikokotoa ataona kwamba mfuo hupita chini ya sindano kwa mwendo wa sentimita 51 kwa sekunde mwanzoni, lakini sentimita 21 tu mwishoni. Basi wimbi lenye mitetemo 10,000 kwa sekunde, ambalo kwenye ukingo wa nje lina urefu wa milimita 0.05, huku ndani hubanwa katika milimita 0.02. Ndiyo sababu nyimbo za mwisho wa kila upande huelekea kukwaruza, hasa mfokaji anapotamka "s".

Besi, ambayo ni uti wa mgongo wa hip-hop, ina taabu yake. Sauti nzito huyumbisha mfuo kwa upana, hata uweze kumwingilia jirani yake. Albamu ya Public Enemy ya mwaka 1988, It Takes a Nation of Millions to Hold Us Back, ina karibu dakika 58. Katika santuri moja, kila upande hubeba mizunguko 967 hivi, na kati ya mfuo na mfuo hubaki wastani wa milimita 0.09. Mkataji hulazimika kupunguza nguvu ya sauti. Nyimbo hizo zikitandazwa juu ya santuri mbili, nafasi huwa maradufu. Mnunuzi basi ahesabu kwanza dakika za kila upande; gramu zinaweza kungoja.

Hata hivyo, mfuo mpana haufai kitu ikiwa chanzo ni kibovu. Mfuo hukatwa katika sahani ya alumini iliyopakwa laka. Sahani hiyo hupakwa fedha, kisha nikeli, ili upatikane muhuri wa kukandamizia plastiki. Mkataji aliyepewa rekodi asilia ya studio ana kila kitu. Aliyepewa nakala ya nakala hawezi kurudisha kilichokwisha kupotea, na jalada zuri halitalificha hilo sikioni.

Hapa ndipo jambo hili linapoigusa Tanzania. Nyimbo nyingi za dansi za miaka ya 1970 zilikandamizwa katika santuri huko Nairobi. Lakini muziki wa kufoka wa Kiswahili, wa akina Saleh Jabri na Kwanza Unit mwanzoni mwa miaka ya 1990, ulisambaa zaidi kwa kaseti. Atakayetaka kuutoa upya katika santuri bora atahitaji mkanda wa studio. Ukikosekana, huenda kaseti iliyosahauliwa kabatini, pengine huko Mpanda, ikawa ndiyo chanzo pekee.

Nayo hali ya hewa ya Katavi haina huruma. Plastiki ya santuri huanza kulegea joto likikaribia nyuzi 60 za Sentigredi, na gari lililofungwa juani mwezi Oktoba laweza kufika huko. Santuri isimamishwe wima, mbali na bati, ndani ya mfuko usioingiza vumbi la kiangazi. Kaseti huogopa zaidi unyevu wa masika: gundi inayoshika chembe za oksidi ya chuma huchakaa, na chembe hubanduka pamoja na sauti. Kaseti ya namna hiyo isipigwe mara kwa mara kwa kuburudika. Kichwa cha mashine kisafishwe kwa spiriti, kikauke, kisha inakiliwe mara moja kwenye kompyuta bila kubana faili.