Shimesikio la pili ndilo gumu

Kyela, mkoani Mbeya, ni nchi ya mvua na joto. Hali hiyo ndiyo inayostawisha mpunga na kakao hadi Katumba Songwe, jirani na mto unaotutenganisha na Malawi, na ndiyo inayoua mashimesikio, yaani vifaa vya kusaidia kusikia. Jasho na mvuke hugeuka matone ndani ya mpira mwembamba unaopitisha sauti, kutu nayo ikashika vyuma vya betri. Kifaa ambacho kwa kawaida hudumu miaka mitatu hadi mitano hufa mapema.

Shimesikio la kwanza mara nyingi hupatikana kwa msaada. Wafadhili huja, watu hupanga foleni, huvalishwa. Likiharibika, wafadhili wamekwishaondoka. Mwenye nalo hulifunga kwenye kitambaa na kulitia sandukuni. Akisalimiwa kwa Kinyakyusa “ugonile” asiitikie, huonekana ana kiburi. Akiwa mwanafunzi, huitwa mzito.

Shimesikio jipya halichaguliwi kama miwani ya kusomea sokoni. Mtaalamu humulika sikio na kutoa nta, maana nta peke yake huweza kuzuia sauti. Kisha usikivu hupimwa upya, kwa sababu hubadilika: unavalishwa spika za masikioni, unabonyeza kitufe kila usikiapo mlio, hata uwe hafifu vipi. Sikio huzibwa kwa pamba yenye uzi, likajazwa ute laini unaoganda kwa dakika chache na kutoka na umbo lake. Kwa umbo hilo hutengenezwa kizibo kinachomkaa mwenyewe tu. Kikilegea, kifaa hupiga mluzi. Mwisho sauti hupangwa kwa kompyuta. Hapo kazi haijaisha, kwani baadaye mtu hurudi kulalamika kwamba sufuria zikigongana zinamuumiza, ilhali sauti ya mjukuu bado iko mbali.

Kutoka Katumba Songwe hadi kwa mtaalamu Mbeya mjini, kila marudio ni zaidi ya kilomita 100 kupitia Tukuyu, na nauli ni ya watu wawili: mgonjwa na wa kumsikilizia.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 430 wana upungufu wa usikivu unaohitaji huduma, karibu asilimia 80 yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu mwaka 2017, na hiyo ni hatua kubwa. Lakini wengi hawahitaji upasuaji, bali shimesikio linalodumu.

Mwenye shimesikio alivue kabla ya kuoga, usiku afungue mlango wa betri, na alihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyowekwa kwenye maboksi ya viatu. Serikali nayo, katika kutekeleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, ijumuishe betri, mpira na kifaa cha kubadilisha, na kila hospitali ya wilaya iwe na mtu aliyefundishwa kazi hii. Na anayegawa shimesikio leo aseme pia nani atalitengeneza, wapi, na kwa gharama ya nani.